SOMO LA AFYA: Picha ya Hospitali Hujibu Swali Moja

Somo la safari hii ni la kusomwa pamoja katika kikundi, polepole. Mwenye swali asingoje mwisho, asimamishe msomaji hapo hapo. Tunataka kuongea juu ya picha za hospitali: eksirei, skeni, na ile ya akina mama wajawazito. Siku hizi hizi picha ziko karibu nasi kuliko zamani, na watu wengi wa Kericho na Bomet wamepigwa angalau moja. Lakini tumegundua kwamba wengi wetu tunarudi nyumbani na bahasha bila kujua imetuambia nini na haikutuambia nini. Tuanze na habari ya nyumba moja ambayo tunaijua.

Mzee mmoja wa upande wetu, mkulima wa chai na ng'ombe wawili, alianza kukwamwa na chakula mwezi wa pili. Ugali ulikuwa unasimama katikati ya kifua, anakunywa maji ndipo unashuka. Akasema ni vidonda vya tumbo. Dukani akauziwa dawa za kutafuna, zikamtuliza kidogo. Mwezi wa nne nyama alikuwa ameiacha. Mwezi wa tano mkewe akatoa pesa za majani alizokuwa ameweka, wakaenda kliniki moja, na mzee akasema anaumwa na kifua. Akapigwa eksirei ya kifua. Wakaambiwa mapafu ni safi.

Basi wakarudi wakimshukuru Mungu. Ile bahasha kubwa ya kahawia ikawekwa juu ya kabati, na kila mgeni akiuliza hali ya mzee, mama alikuwa anajibu, "Alipigwa picha, hana kitu." Hata kanisani tulitoa shukrani. Kufikia mwezi wa nane mzee alikuwa anameza uji peke yake, na suruali inamvuka. Ndipo binti yake aliyekuwa akifanya kazi mbali akaja nyumbani, akateremsha bahasha, akasoma ile karatasi ya ndani, akasema: "Mama, hii ni picha ya mapafu. Baba hawezi kumeza. Hakuna mtu ameangalia pale anapomezea."

Maneno ya huyu msichana ndiyo somo letu. Picha haiangalii mwili wote. Hujibu swali ililoulizwa, na kama swali halikuwa lenyewe, jibu zuri linaweza kukupoteza.

KWA NINI EKSIREI HAIONI KILA KITU

Miale ya eksirei iligunduliwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, mwezi wa Novemba mwaka 1895. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana wazi. Jinsi inavyofanya kazi si uchawi. Ukitaka kuelewa, toka nje sasa hivi uchume jani moja la chai, uliinue juu kuelekea mwanga. Utaona mishipa yake yote. Mwanga unapita pale jani ni jembamba, unazuiliwa pale ni nene. Eksirei ni hivyo hivyo. Mifupa inazuia miale, inatoka nyeupe. Hewa ya mapafu inaachilia miale, inatoka nyeusi. Nyama, damu na maji vinatoka rangi ya kijivu, karibu vyote sawa.

Sasa chuma majani mawili na chipukizi, uyalaze moja juu ya lingine, uinue tena kwenye mwanga. Mshipa huu ni wa jani gani? Huwezi kusema. Hiyo ndiyo shida ya eksirei: vitu vilivyo mbele na vilivyo nyuma vinaangukiana kwenye karatasi moja. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umepita nyuma ya moyo, mbele ya uti wa mgongo. Ukiwa hauna chakula umejikunja kama soksi tupu. Ni nyama kijivu katikati ya nyama kijivu. Mtu anaweza kuwa na uvimbe ndani ya umio na eksirei ya kifua ikatoka safi kabisa, na aliyeisoma akawa hajakosea hata kidogo. Aliulizwa juu ya mapafu, akajibu juu ya mapafu.

Kuna njia za kuuona umio. Ya zamani ni kunywa bariamu, kitu cheupe kama uji wa chokaa, halafu unapigwa eksirei ukiwa unameza. Bariamu inazuia miale, kwa hivyo njia yote inaonekana, na pale penye uvimbe njia inakuwa nyembamba kama shingo ya kibuyu cha mursik. Ya pili, ambayo ni bora, ni endoskopi: mpira mwembamba wenye kamera na taa unapitishwa mdomoni, daktari anaona kwa macho, na pale penye shaka anachukua kipande kidogo kipelekwe maabara. Kile kipande ndicho kinachosema ni saratani au si saratani. Si kitu cha kufurahisha, hatutadanganya. Lakini ni dakika chache, na dawa ya kutuliza hutolewa.

Pengine mtu atauliza, mbona tunakaa sana kwa habari ya kumeza? Ni kwa sababu ya mahali tunapoishi. Saratani ya umio imeshika mkanda wa nchi za mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi Malawi na Afrika Kusini, na Bomet ni moja ya sehemu zilizopigwa sana. Hapa haingoji uzee. Mwaka 2010 madaktari wa Tenwek na wenzao walichapisha taarifa ya wagonjwa 109 wa saratani hii ambao umri wao ulikuwa miaka 30 au chini. Nchi nyingi daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kuona kijana mmoja wa namna hiyo.

Sababu si moja na bado zinachunguzwa. Tumbaku na pombe zimo. Kuhusu vinywaji vya moto sana, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kwamba kunywa kitu chenye moto unaozidi nyuzi 65 huenda kunaleta saratani ya umio. Hatusemi mtu aache chai! Sisi wenyewe karo ya watoto inatoka kwa chai. Lakini ile tabia ya kumeza chai ikiwa bado inachemka, tena kwa kushindana ni nani anamaliza kikombe kwanza, tuiache. Weka kikombe chini, ongea na mgeni kwanza.

Kwa hivyo mtu akikwamwa na chakula kigumu zaidi ya wiki mbili, hata kama ni kijana, hata kama anashiba vizuri kwa uji, aende hospitali na aseme neno lenyewe: "Chakula kinakwama ninapomeza." Asiseme kifua kinauma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata anayetaja maradhi kwa jina lingine ni kama ameyaficha.

MASWALI MENGINE, PICHA ZINGINE

Kichwa. Vijana wetu wa bodaboda wanaanguka kila wiki. Kijana anaanguka, anapigwa eksirei ya fuvu, mfupa ni mzima, wazazi wanashangilia. Lakini fuvu zima si ubongo mzima. Damu inaweza kuvuja ndani polepole na eksirei haiwezi kuiona, kwa sababu fuvu lenyewe limefunika kila kitu. Hapo inatakiwa skeni ya CT, ambayo ilianza kutumika kwa wagonjwa Uingereza mwaka 1971. Skeni hii nayo ni eksirei, ila inazunguka mwili na kompyuta inapanga picha kama mkate uliokatwa vipande. Kila kipande unakitazama peke yake, majani hayaangukiani tena. Aliyeanguka akianza kutapika, au analala usingizi usio wa kawaida, au anaongea ovyo, au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, hiyo si habari ya kungoja asubuhi. Mtafutie gari usiku huo huo.

Kifua. Kwa kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, eksirei ni msaada mkubwa. Inaweza kuona doa la kifua kikuu hata kwa mtu asiye na dalili. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha hivyo: baadhi ya waliopatikana na kifua kikuu walikuwa wanasema hawajisikii vibaya, ila picha ndiyo iliwashika. Lakini hapa pia kuna mpaka. Doa kwenye picha halina jina. Linaweza kuwa kifua kikuu, nimonia, saratani au kovu la zamani. Anayetoa jina ni maabara, kwa kupima makohozi. Kwa hivyo ukiambiwa upige picha na pia utoe makohozi, usione kama unalipishwa mara mbili. Ni maswali mawili.

Mgongo. Hapa tutawaudhi wengine. Wachumaji wengi wa chai wanaumwa na mgongo, na tunaelewa, maana ni kuinama na kikapu kutwa nzima. Wengi wanataka eksirei, na wasipopewa wanasema daktari ni mvivu au anabagua. Ukweli ni kwamba maumivu mengi ya mgongo yanatoka kwa misuli na mishipa, na eksirei haionyeshi misuli. Utalipa, utaambiwa mifupa imechakaa kidogo, jambo ambalo kila mtu aliyepita miaka 40 anaweza kuambiwa, na mgongo utaendelea kuuma. Picha ya mgongo inatakiwa kama ulianguka, kama unakonda au una homa, kama maumivu yanakuamsha usiku, kwa sababu kifua kikuu na saratani huweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Na miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Mimba. Kuna akina mama wanaoambiwa na wakwe zao ati ile picha ya tumboni inamchoma mtoto. Haichomi. Ultrasaundi haina miale ya eksirei kabisa, inatumia sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti inaingia, inagonga mtoto, inarudi, na mashine inachora, karibu kama popo anavyojua ukuta uko wapi gizani. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliandika juu ya njia hii mwaka 1958, na tangu hapo watoto wengi sana wamepimwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama apate ultrasaundi moja kabla mimba haijapita wiki 24. Si kwa ajili ya kujua ni msichana au mvulana. Ni kujua mimba ina wiki ngapi kwa kweli, kama ni mapacha, kama imekaa ndani ya mji wa mimba, na baadaye kama kondo limeziba mlango. Kondo likiziba mlango, mama anaweza kuvuja damu hadi kufa akiwa njiani. Akijua mapema, atajifungulia mahali penye upasuaji na damu ya kuongezewa. Lakini kumbuka somo letu: picha safi ya mwezi wa tano haijibu habari ya presha ya mwezi wa nane. Kliniki iendelee.

MIALE NA HOFU

Eksirei na skeni ya CT zina miale, na miale mingi ina madhara. Je, ni mingi kiasi gani? Hata bila hospitali, kila mtu anapata miale kidogo kila siku kutoka ardhini na angani. Eksirei moja ya kifua ni karibu sawa na ile ya kawaida ya siku 10. Skeni ya CT ya tumbo ni kubwa zaidi, karibu ya miaka 2 au 3. Kwa hivyo anayehitaji asiogope, na asiyehitaji asiombe. Mwanamke akidhani ana mimba aseme kabla ya kuingia chumbani, hata kama anaona haya. Ukiombwa kushika mtoto wakati wa picha, uliza aproni ya risasi. Sheria iko upande wako: tangu mwaka 2019 nchi yetu ina Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, ambayo inasimamia mashine zote za miale, za serikali, za misheni na za watu binafsi.

Wengine wanatuuliza kama kupigwa picha ni kukosa imani. Luka alikuwa tabibu, na hatusomi popote kwamba alikatazwa kazi yake. Tuombe, halafu tupande gari.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Tenwek ilianza na zahanati mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Mashine zinataka umeme usioyumba, na katika miaka ya 1980 hospitali hiyo ilijenga mtambo wake wa umeme kwenye mto Nyangores, maji yale yale yanayopita mashambani mwetu. Upande wa serikali, mwaka 2015 ulianza mpango wa kukodisha vifaa uliolenga hospitali 98, karibu mbili kwa kila kaunti, na mashine za picha zilikuwemo. Lakini mashine kuwepo si mashine kufanya kazi. Tumeona mama akishuka matatu na mgonjwa mgongoni, halafu anaambiwa fundi hajaja. Piga simu kwanza. Uliza mambo matatu: kama mashine inafanya kazi leo, kama msomaji wa picha yupo au hutumwa kwingine isomwe, na ni pesa ngapi. Bima ya NHIF iliisha na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA. Uliza kama kipimo chako kinalipwa na kwa kiasi gani kabla ya kuuza kuku.

Ukiwa mbele ya daktari, usikae kimya kama mtoto wa shule. Muulize kwa heshima: "Daktari, picha hii inatafuta nini?" Na ikitoka safi, muulize hili la pili, ambalo ni kubwa zaidi: "Sasa ni ugonjwa gani ambao bado hamjaangalia? Nisipopona, nirudi lini?" Daktari mzuri hataudhika. Kama umesahau Kiswahili kwa hofu, sema kwa Kipsigis, karibu kila wadi ina mtu wa kukutafsiria.

Picha ukipewa, itunze pamoja na ripoti yake. Filamu isikunjwe, isiwekwe jikoni penye moshi, watoto wasiichezee. Siku hizi mahali pengine wanakupa sidii au wanatuma kwa simu, basi usiifute. Daktari wa kesho anataka kulinganisha. Doa lililokuwepo miaka mitano bila kukua ni habari tofauti kabisa na doa la jana.

Vikundi vyenye mchango wa kila mwezi tunavishauri viongee juu ya jambo moja: mfuko mdogo wa nauli ya vipimo. Tulipouliza katika kikundi chetu kwa nini watu wanachelewa, tulitarajia kusikia hofu. Zaidi ya nusu walisema nauli, kwa sababu kwenda mara ya pili kuchukua majibu ndiko kunawashinda. Mtu ana bei ya kipimo, hana bei ya kurudi.

Yule mzee alifikishwa hospitali ya misheni mwezi wa tisa. Kamera ikapita, kipande kikachukuliwa, ikawa ni saratani ya umio. Ikipatikana mapema, kuna wanaofanyiwa upasuaji na kupona. Yake ilikuwa imeenda mbali. Aliwekewa stenti, yaani kibomba cha waya kinachopanua njia ya chakula, na siku chache baadaye alikula ugali laini na mboga, akacheka. Mwezi wa kumi na mbili alikaa kwenye koito ya binti yake, yule yule aliyesoma karatasi, akala pamoja na wageni. Alifariki mwezi wa tatu.

Tulipomwendea mama kumwomba ruhusa ya kuandika habari hii, alikubali, ila tusitaje majina. Halafu akasimama, akateremsha ile bahasha ya kahawia kutoka juu ya kabati, akatupa tuje nayo kwenye kikundi tuonyeshe watu mapafu ya mumewe. Ni safi kweli.